Shangazi, nitajisifu vipi mbele ya simu?

Shangazi, shikamoo.

Mie ni msichana wa miaka 24, kwetu Wete, Pemba. Nimesomea utalii Maruhubi, nikamaliza mwaka jana, na tangu hapo niko nyumbani namsaidia mama na kuwasomesha Kiingereza watoto wa jirani. Karibuni niliomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kaskazini Unguja. Wakanijibu kuwa nimepita mchujo wa mwanzo. Nikafurahi mno, nikajua nitaitwa nivuke nikaonane nao.

Kumbe walichonitumia ni kiungo cha intaneti. Unakifungua kwenye simu, linatokea swali la maandishi, unapewa nusu dakika ya kufikiri, halafu kamera inawaka yenyewe na unajirikodi ukijibu kwa dakika mbili. Upande wa pili hakuna mtu. Maswali ni matano, ya Kiingereza yote, na mada zake wamezitaja kwenye barua pepe. Mwisho ni Jumamosi ijayo.

Kuna swali moja la mazoezi ambalo halihesabiwi, nikaona nilijaribu. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani. Swali likaja: kwa nini tukuchukue wewe na tusimchukue mwombaji mwengine? Kidoa chekundu kilipowaka nikasalimia, kisha nikanyamaza nikingoja kuitikiwa. Nani wa kuniitikia? Saa inakwenda, mie nimekodoa macho. Nikaja nikasema tu kuwa nitajitahidi inshallah, muda ukaisha. Nilipojitazama nilitamani ardhi ipasuke. Macho chini, sauti haitoki.

Si kwamba kazi siijui, Shangazi. Nilipokuwa fildi katika hoteli moja ya Kiwengwa, usiku mmoja walikuja wageni wanne, chumba chao kimeshapewa watu wengine. Nilihangaika nao mpaka wakapata pa kulala hoteli ya jirani, na meneja mwenyewe alinishukuru. Lakini nikilisema hilo mbele ya kamera linatoka "tuliwasaidia wageni", basi. Kusema "mimi nilifanya, mimi niliweza" ulimi unakuwa mzito.

Mama kaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kama wananitaka wataniita. Baba anauliza kazi gani hiyo ya kuajiri watu hamjaonana, na hapendi uso wangu uzunguke kwa watu asiowajua. Kaka yangu anasema ni ushamba tu, mbona wenzangu mjini wanajirikodi TikTok kutwa. Na shoga yangu kanitia khofu zaidi: eti anayetazama ni kompyuta, ikimuona mtu kavaa ushungi au haangalii mbele inamkata.

Nijitoe? Niwaombe waniite ana kwa ana, au nitaonekana msumbufu? Ushungi nivue? Hiyo video ikishatazamwa itakaa wapi? Na swali lao la tano ndilo lililonichekesha na kuniudhi: "Una swali lolote la kutuuliza?" Nimuulize nani, Shangazi?

Wako,
Msichana wa Wete

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupita mchujo.

Hapo uliposalimia ukangoja kuitikiwa ndipo penye kiini cha barua yako. Kwetu mazungumzo hayaanzi mpaka salamu irudi. Mtu anapiga hodi, anakaribishwa, anaulizwa hali, anaulizwa kwao wapi na ni mtoto wa nani, na mpaka kufikia swali lenyewe khofu imeshamtoka na keshajua anazungumza na mtu wa namna gani. Ukimuona anatikisa kichwa unaendelea. Ukimuona anatazama saa unafupisha. Sifa zako vilevile huzisemi wewe: anazisema mwalimu wako, au ami yako anayejuana na meneja, na wewe unakaa kitako na adabu zako. Simu imeyaondoa yote hayo kwa mpigo, ikakuachia dakika mbili na kidoa chekundu. Kupotewa na maneno hapo si ushamba. Mwambie kaka yako hivyo, na umwambie pia kuwa kujirikodi kwa ajili ya mashoga na kujirikodi kwa anayeshika riziki yako ni mambo mawili.

Wala si Wapemba peke yetu. Waliochunguza usaili wa namna hii huko Ulaya na Marekani wamekuta kwa ujumla kuwa waombaji wanauona haufikii ule wa ana kwa ana, na hao ni watu waliozowea kamera. Msomi mmoja huko Marekani, Stephen Gilliland, aliandika mwaka 1993 juu ya mambo yanayomfanya mwombaji kazi aone ametendewa haki. Alitaja kupata nafasi ya kuonyesha unachokiweza, kuzungumza kwa pande mbili, kutendewa kwa utu, kupewa jibu. Video ya kujirikodi inakuvunjia hilo la pande mbili tangu mwanzo, kila mtu analihisi.

Kinachozidi kwetu ni malezi. Mholanzi Geert Hofstede alichambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama. Kwenye kipimo cha mtu kujihesabu yeye kwanza kabla ya jamaa zake, Marekani ilipata 91. Afrika Mashariki, ambayo yeye aliziweka Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia kapu moja, ilipata 27. Kwenye kipimo cha kukubali kuwa mkubwa ni mkubwa, sisi 64, wao 40. Sidhani kama kwenye kapu hilo alikuwemo Mpemba hata mmoja. Na hata hapo Wete utakuta nyumba moja ina msichana anayeona haya kutaja jina lake na mdogo wake anayeweza kuhutubia uwanja mzima wa Gombani, kwa hiyo alama za nchi usizichukue ukampimia mtu. Zinachosaidia ni kumuelewa aliyelitunga swali lile. Kwake yeye, mtu akisema "niliweza" katoa taarifa. Kwako wewe kajikweza.

Sasa njoo kwa mama. Chema chajiuza, kweli, lakini chajiuza sokoni kwa kuwa mnunuzi yupo: anakiona, anakishika, anakinusa. Huyo wa hotelini hajapata kukuona ukimpokea mgeni, na hana jirani yako wa kumuuliza. Ukimueleza ulichokifanya, unamwekea bidhaa mbele yake, hujaitembeza. Na kisa cha Nabii Yussuf umekisoma tangu chuo cha Kurani. Alipotoka gerezani alimuomba mfalme amuweke kwenye hazina za nchi, akataja na sababu, kuwa yeye ni mtunzaji na ni mjuzi. Ilikuwa haja ya kazi, akasema kinachohusu kazi. Hakusema lolote juu ya waombaji wengine.

Nawe fanya hivyo hivyo. Swali limekutaka ujilinganishe na wenzako, lakini hulazimiki kulifuata mpaka huko. Unaweza kusema: wenzangu siwajui, huenda wamo walio hodari kunishinda, ninalolijua ni hili nililolifanya. Kisha ulisimulie kwa mpango wake, kwa Kiingereza chako mwenyewe, bila kupamba. Ulivyoniandikia umelibana mno jambo zuri, kwa hiyo mengine hapa nayakisia mimi, wewe utatia ya kweli:

"Wageni wanne walifika saa nne usiku, chumba chao kimeshapewa watu wengine. Zamu ilikuwa yangu. Niliwaketisha, nikawaletea madafu, nikawaomba radhi. Nikapiga simu hoteli mbili za jirani, ya pili ikawa na nafasi. Nikaenda nao kwa gari mpaka nikawaona wameingia vyumbani. Mwenzangu wa zamu alibaki mapokezi, bila yeye nisingeweza kutoka."

Hapo hakuna hata sifa moja uliyojipa. Mwenzako umemtaja, haki yake hukuila. Lakini anayesikiliza anajua nani alinyanyua simu, nani alipanda gari usiku ule. "Tulifanya" yako ingemficha huyo mtu kabisa, na yeye ndiye wanayemtafuta. Pale mlipofanya pamoja, sema pamoja. Pale ulipokuwa wewe, useme wewe.

Na inshallah usiiache. Ila usiifanye ndiyo jibu zima, maana asiyeizoea anaweza kuisikia kama mtu anayesitasita. Toa ahadi iliyo wazi kwanza, kuwa unaweza kuanza kazi wiki fulani, halafu inshallah yako ifuate mahali pake.

Kuhusu macho. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, sitakwambia uitupe, utaihitaji ukirudi nyumbani. Lakini kazi uliyoiomba ni ya kumtazama mgeni usoni aliyeshuka kwenye ndege ya usiku, kachoka, kanuna. Kwa hiyo hapo meneja ana haki ya kutaka kukuona ukitazama. Tatizo ni kutazama kitundu cha kamera, ambacho hakina uso. Basi kipe uso. Itege simu juu ya vitabu mpaka ifike usawa wa macho yako, mwambie mdogo wako wa kike, au huyo huyo shoga yako mtia khofu, akae nyuma yake, na wewe umsimulie yeye. Asikunong'oneze jibu, hiyo itakuwa hadaa. Kazi yake ni kukuitikia salamu kwa kichwa na kukutazama kama mtu. Utashangaa sauti itakavyofunguka.

Kitandani toka. Ile haya uliyoihisi nusu yake ni chumba: unamuonyesha mtu usiyemjua pahala ambapo hata mgeni wa nyumbani haingii. Nenda ukumbini, au umuombe mwalimu wako wa zamani darasa tupu pale skuli, ukae na dirisha mbele yako mwanga ukupige usoni, nyuma yako uwe ukuta mtupu. Kama ukuta umechakaa tundika kitambaa cha rangi moja. Kanga usitundike. Kanga ina jina, na huyo atakayekuja kuitazama video huenda akawa mtu wetu anayelisoma, akadhani mafumbo ni yake. Wakati mzuri ni baada ya adhuhuri, watoto wako chuoni na nyumba imetulia, lakini umalize kabla ya adhana ya alasiri. Simu iwe imejaa chaji tangu asubuhi, usiutegemee umeme. Bando pia liangalie lisikukatikie katikati ya jibu la nne.

Ushungi usivue. Huna sababu yoyote. Mahoteli ya Unguja yamejaa wasichana wa mapokezi wenye ushungi na wageni wanahudumiwa vizuri. Hoteli itakayokukata kwa ajili hiyo leo ingekusumbua kwa hilo hilo kila siku ya kazi, bora ujue mapema.

Hilo la kompyuta lina ukweli ndani yake, ila shoga yako kalivimbisha. Kampuni ya HireVue ya Marekani, ambayo ni moja ya zinazojulikana zaidi kwa usaili huu, iliwahi kutumia programu za kuchambua nyuso za waombaji, watu wakalalamika, ikatangaza mwanzoni mwa 2021 kuwa imeacha kuzipima nyuso. Wapo wanaopima maneno tu, na wapo ambao video inatazamwa na binadamu kama mimi na wewe akinywa chai yake. Hoteli yako ni ya kundi gani, mwenye jibu ni hoteli. Na hapa nakugombeza kidogo, mwanangu: maswali yako mengi uliyonipa mimi yalikuwa ya kupelekewa wao. Nani anatazama, inakaa muda gani, naweza kuitwa ana kwa ana? Hukuwauliza kwa sababu tumelelewa kuwa mkubwa haulizwi, aliyekupa nafasi humsumbui. Barua fupi yenye adabu haimsumbui mtu.

Mwandikie leo ofisa wa ajira. Mshukuru kwa nafasi. Mwambie utaukamilisha usaili kabla ya Jumamosi, hilo litangulie ili asidhani unakwepa. Kisha muulize watakaotazama ni akina nani, kama kuna programu yoyote inayopima majibu, na video itafutwa lini. Mwisho mwambie kuwa kama kuna nafasi ya kuzungumza na mtu moja kwa moja, hata kwa simu ya video, ungeifurahia. Huo si ujeuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amueleze ni kwa kazi gani, ingawa sina hakika inamgusa vipi mwajiri wa Zanzibar. Huko Marekani jimbo la Illinois limekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2020 mwajiri lazima amwambie mwombaji kabla kama video itachambuliwa na akili mnemba, apate na ridhaa yake, na mwombaji akiomba ifutwe, ifutwe ndani ya siku 30.

Wakikataa kukuita, usijitoe. Fikiria nauli ya boti kwenda na kurudi, pa kulala mjini, gari ya kukupeleka kaskazini, yote kwa usaili wa robo saa ambao huna hakika nao. Msichana wa Wete na wa Mjini Unguja hapa wanaulizwa maswali yaleyale kwa dakika zilezile, na hakuna ami wa mtu anayeingia mlango wa nyuma kabla yako. Wewe unayeumizwa na kukosa wa kukusemea, kumbuka kuwa na aliyekuwa na wa kumsemea naye kakosa.

Baba yako usimpite. Khofu yake si ya kizamani. Wapo matapeli wanaotangaza kazi hewa, na kuajiriwa bila kuonana ni moja ya alama zao. Kwa hiyo kaa naye mthibitishe pamoja: anwani ya barua pepe ni ya hoteli kweli au ni ya mtu binafsi, nambari ya simu ya hoteli ikipigwa inapokewa na wanaijua nafasi hiyo, na kuna mtu wa Pemba anayefanya kazi pale. Wakikuomba pesa ya fomu, ya sare au ya kitu chochote kabla ya kazi, funga simu. Ukipata jibu la hoteli juu ya nani ataiona video, msomee. Baba anayejua kuwa itatazamwa na watu watatu wa ofisi kisha ifutwe si sawa na baba anayeiona inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Na kama yupo karibu siku ya kurikodi, akae ukumbini tu, asiwe nyuma ya simu, maana macho yatarudi chini.

Nanyi wenye mahoteli, najua mnapita hapa. Mnaweza kuweka mwanzoni video fupi ya mtu wenu, mwenye jina, anayewasalimia hawa watoto na kuwaambia nani atawatazama. Haigharimu kitu. Mnaajiri watu kwa ukarimu wao halafu mnawapokea kwa kidoa chekundu?

Limebaki swali la tano. Wengi hulijibu "sina swali" wakaondoka, na mimi naliona ndilo la kwako hasa. Uliza jambo ambalo mtu wa kazi lazima alijue, na uombe wakujibu kwa barua pepe. Kwa mfano: zamu ya jioni ya mapokezi inakwisha saa ngapi, na mfanyakazi wa kike anayetoka saa tano usiku anarudishwa kwa gari ya hoteli au kuna makaazi ya wafanyakazi? Jibu lake likija, baba atataka kulisoma kabla yako.